Jopo la madaktari linamtaka kaka afike Kigoma mjini na hawezi hata kukaa. Nani amewahi kuomba tathmini ya nyumbani?

#1 MwanaNguruka

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Niko Nguruka, wilaya ya Uvinza. Naandika kwa niaba ya kaka yangu, ana miaka 52, alikuwa dereva wa lori na alichangia mfuko wa hifadhi ya jamii miaka tisa mpaka mgongo ulipomwangusha. Mwanzo tulidhani ni uchovu wa usukani. Ikawa diklofenaki za duka la dawa, ikawa kuchuliwa, ikawa mzee mmoja na mizizi yake, miezi saba ikakatika hivyo. Siku aliyoamka miguu haimsikii ndipo tukampeleka hospitali, wakasema kifua kikuu cha uti wa mgongo. Dawa kameza zote, kifua kikuu kimeisha, lakini pingili zilishaliwa. Kuanzia kitovuni kwenda chini hana habari. Mkojo unatoka kwa mpira.

Tukaomba mafao ya ulemavu. Fomu zimejazwa, picha zimebandikwa, kila kitu. Sasa imekuja barua: afike yeye mwenyewe mbele ya jopo la madaktari mjini, saa mbili asubuhi, na vyeti halisi.

Sisi si wakaidi. Mwezi wa tatu tulimpeleka mjini kliniki kwa Noah ya kukodi, tukakunja siti tukamtandikia godoro. Wanaoijua njia ya Malagarasi kwenda Uvinza wanajua vumbi na mashimo tuliyokula miaka yote. Kila shimo kaka alikuwa anang'ata kitambaa cha kichwa cha shemeji ili asipige kelele. Kidonda cha kulalia kilichoondoka kama sarafu ya mia mbili kilirudi kama kiganja cha mtoto. Na ukimketisha wima, dakika kumi haziishi, macho yanageuka, anazimia.

Nikaenda dirishani kumweleza dada wa mapokezi. Alinisikiliza vizuri tu, kisha akasema: "Kaka, hapa kila mgonjwa analetwa. Hata wa machela wanaletwa."

Kuna aliyewahi kuomba wataalamu wamfuate mgonjwa nyumbani? Anaandikiwa nani? Na tukikosa tarehe hiyo, faili linafungwa? Zimebaki siku 19.

#2 DagaaWaKibirizi

Pole sana mkuu. Kwani treni vipi? Daraja la pili la kulala, anajinyoosha mpaka Kigoma.

#3 MwanaNguruka

Nililiwaza hilo. Treni haikai hapa siku nzima kutusubiri. Ngazi za behewa unazijua zilivyosimama, mtu mzima asiyejishika unampandishaje? Na hata ukimfikisha mlangoni, kile kikorido machela haikati kona. Labda tumpitishe dirishani kama magunia ya mihogo.

#4 DagaaWaKibirizi

Daah. Nimekuelewa. Nafuatilia uzi.

#5 MzeeWaMasijala

Marahaba kijana. Niko Tabora, nimestaafu baada ya miaka 31 ya masijala, ofisi siitaji. Nitakwambia jinsi karatasi inavyotembea, maana hilo ndilo ninalolijua.

Ulichofanya dirishani yalikuwa mazungumzo. Hujaomba. Ofisini kitu kisicho na folio, yaani namba yake ndani ya faili, hakijatokea. Yule dada huenda hata alikuonea huruma, lakini jioni akifunga dirisha, huruma yake inaondoka naye kwenda nyumbani, haibaki kwenye faili. Kwa hiyo andika. Barua nakala mbili, peleka mwenyewe au mpe mtu mnayemwamini, wakubakizie nakala moja yenye muhuri wa KUPOKELEWA na tarehe. Wakisema "iache tu hapo mezani", usiiache. Kaa. Mimi mwenyewe nimeona barua nzuri zikifia mezani kwa sababu mleta barua alikuwa na adabu mno.

La pili ndilo linalowaumiza wengi. Tarehe isipite kimya. Kwenye faili, aliyeshindwa kufika na aliyedharau kufika wanaandikwa neno moja: HAKUFIKA. Anayelifungua faili miezi sita baadaye hajui habari ya kidonda wala ya Noah. Barua yako itangulie tarehe.

Nakuandikia mfano, jaza penye nukta:

YAH: MAOMBI YA KUFANYIWA TATHMINI YA ULEMAVU NYUMBANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu na barua yenu yenye kumbukumbu namba … ya tarehe …

Mimi ni mwanachama namba … Naomba tathmini yangu ifanyike nyumbani kwangu, kitongoji cha …, kwa kuwa safari ya kufika mjini inahatarisha afya yangu kama ilivyoelezwa na Mganga Mfawidhi katika barua niliyoambatisha.

Endapo jopo halitaweza kufika, naomba daktari wa karibu ateuliwe kunichunguza nyumbani na kuwasilisha taarifa kwenu, au jopo litumie taarifa za matibabu zilizopo.

Naomba pia tarehe niliyopangiwa iahirishwe, na nijibiwe kwa maandishi. Anayenisaidia kufuatilia ni mdogo wangu …, simu …

Aweke sahihi yeye mwenyewe. Kama mkono nao umekataa, dole gumba, na mtendaji ashuhudie. Chini weka Nakala: Mganga Mkuu wa Wilaya, na Afisa Ustawi wa Jamii wa Wilaya. Ofisa akiona barua ina nakala kwa wakubwa wengine, haiweki chini ya kikombe cha chai.

Ile aya ya "endapo" usiifute. Ukiomba jambo moja tu unamrahisishia mtu kusema hapana. Ukimpa njia tatu, atachagua iliyo nyepesi kwake, na zote tatu zinakufaa.

#6 SistaWaWodi

Mzee kamaliza upande wa karatasi. Mimi ni muuguzi, niongeze upande wa daktari maana hapo ndipo barua nyingi zinaharibika.

Daktari mwenye foleni ya watu themanini atakuandikia "Mtajwa hapo juu ni mgonjwa, hali yake si nzuri, naomba asaidiwe." Hiyo ni barua ya harambee. Jopo likiisoma linajua kaka yako anaumwa, jambo ambalo lilishajua. Halikuambiwa kwa nini asiletwe.

Muombe kwa heshima aandike mambo haya yaonekane: ugonjwa ni nini na ulithibitishwa lini. Amepooza kuanzia wapi. Kidonda kiko wapi, kina ukubwa gani, kimefika kina gani. Kwamba lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili. Kwamba akiketishwa presha inashuka anapoteza fahamu, na waipime kweli, alale wapime, akae wapime, namba ziandikwe. Kwamba safari ya mwezi wa tatu ilizidisha kidonda. Hiyo lazima iwe kwenye faili la kliniki, dai ionekane. Na mwisho, kwamba hali hii si ya wiki mbili, maana wasije wakajibu "basi mleteni akipata nafuu."

Halafu daftari. Nunua daftari la mia tano, shemeji aandike kila siku: saa ngapi kageuzwa, mpira umebadilishwa lini, homa, usiku ulikuwaje. Wiki mbili tu za daftari hilo zina uzito kuliko maneno yetu yote.

#7 MkweliMchungu

Mtanichukia lakini niseme. Mnataka madaktari watatu waache wodi, wachukue gari na mafuta, waende Nguruka kwa mtu mmoja? Wodini kuna mama anajifungua kwa upasuaji. Hata mimi ningesema aletwe. Na matapeli wapo. Kuna watu wanalala kitandani siku ya ukaguzi, kesho yake wanacheza bao.

#8 MamaKaliua

Wewe MkweliMchungu ungekuwa na mgonjwa ndani usingeandika hivyo. Siku ukimgeuza baba yako usiku mara nne ndipo uje uongelee mafuta ya gari.

#9 AfisaWaKijiji

Jamani tusimshambulie, ana hoja nusu. Mimi ni ustawi wa jamii, wilaya siitaji, na ninakwenda kwa watu kama hawa kwa bodaboda. Ni kweli madaktari ni wachache na jopo zima halihamishiki kirahisi. Lakini hakuna aliyeomba jopo zima lihame! Soma tena barua ya Mzee. Daktari mmoja aliye karibu akimwona mgonjwa kitandani pake na kuandika taarifa kamili, wale wengine wanasoma wakiwa palepale walipo. Gharama yake ni mafuta ya pikipiki na nusu siku.

Na kuhusu matapeli, tapeli anakamatwa wapi kirahisi, kwenye korido ya hospitali au nyumbani kwake? Nikiingia nyumbani naona kitanda, naona ndoo, naona njia ya chooni, naona mikono ya anayemhudumia. Majirani nao wana macho. Nyumbani ndiko hakudanganyiki.

Mleta uzi, nenda kwa afisa ustawi wa wilaya yenu aje aandike taarifa ya hali ya kijamii, uiambatishe. Na barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha kwamba mtu huyu anaishi hapo na hajaonekana nje tangu lini. Watu wanaidharau barua ya mtendaji lakini ndiyo inayomjibu MkweliMchungu.

#10 HesabuZaMichango

Kabla hamjafika mbali na barua, umeangalia michango yake? Sijui yuko mfuko gani na sikuulizi. Tangu 2018 watumishi wa umma wako PSSSF, ile iliyounganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF, na sekta binafsi wako NSSF. Kila mfuko una kanuni zake. Kwa pensheni ya ulemavu ya NSSF, vigezo ninavyovijua ni hivi: uwe umepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato, na uwe na michango ya miezi 180, au kama hukufika hapo, angalau miezi 36 ambayo 12 kati yake ni ile iliyotangulia ulemavu.

Miaka tisa ni miezi 108. Kwa hesabu hiyo 180 hajafika. Kwa hiyo roho yake iko kwenye ile 12 ya mwisho. Chukua taarifa ya michango, usiangalie jumla, angalia mwishoni.

Na kama mgongo ungekuwa umevunjika kazini, hilo ni dai la WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza 2015. Kule hata anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza ana malipo yake. Lakini hapo ajali lazima itolewe taarifa mapema, na dai lisipitishe miezi 12. Kwa kifua kikuu cha dereva sioni mlango, ila nimetaja kwa wengine watakaosoma.

#11 MwanaNguruka

Nimetoka kuangalia. Nimeishiwa nguvu. Miezi mitano ya mwisho haipo. Hati za mshahara tunazo, makato yameandikwa, fedha haikufika. Mwajiri simtaji.

#12 HesabuZaMichango

Nilijua. Fotokopi za hizo hati za mshahara, zote tano, na barua ya pili tofauti kulalamikia michango isiyowasilishwa. Usichanganye kwenye barua ya tathmini, maana moja itasubiri nyingine. Kumfuatilia mwajiri ni kazi ya mfuko, mgonjwa hapaswi kukimbizana naye. Wilayani kwenu kuna wasaidizi wa kisheria, tangu ile sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 wanasajiliwa, na huduma yao haina malipo. Watafute.

#13 MmanyemaWaLeicester

Mwakeye wana Kigoma. Mimi ni wa Ujiji, sasa niko Uingereza mwaka wa kumi na moja. Nimesoma uzi wote nikacheka kwa uchungu, maana haya ya huku ni yaleyale, tofauti ni kwamba huku barua inakuja na bahasha ya kujibia.

Shangazi yangu ana moyo uliochoka na baridi yabisi. Huku kuna malipo yanaitwa PIP, yalianza 2013, ni ya watu wenye ulemavu ambao hawajafikia umri wa pensheni. Wanapima mambo kumi ya maisha ya kila siku, kupika, kula, kuoga, kuvaa, chooni na kadhalika, na mawili ya kutembea. Kila jambo lina alama. Ukipata jumla ya 8 katika kundi moja kati ya hayo mawili unapewa kiwango cha kawaida cha kundi hilo, 12 kiwango cha juu. Tathmini inafanywa na kampuni iliyopewa kazi hiyo na serikali, kwa simu, kwa video, kituoni au nyumbani. Ukipangiwa kituo na huwezi, unawapigia mara moja unaomba nyumbani, na mara nyingi wanataka barua ya daktari wako ieleze sababu. Usipotokea bila sababu ya msingi, dai linakataliwa. Wakikukatalia malipo una mwezi mmoja wa kuomba waangalie upya, kabla ya kwenda kwenye baraza la rufaa. Kwa hiyo Mzee wa Masijala angefanya kazi hata huku.

Lakini nililotaka kusema ni hili. Shangazi alikubaliwa, mtaalamu akaja nyumbani. Shangazi kaamka alfajiri, kanilazimisha nimsuke, kavaa dera jipya, chai ya tangawizi na mahamri mezani. Mgeni anaingia, anamuuliza anaendeleaje. Shangazi: "Niko vizuri mwanangu, karibu, kula." Taarifa ilipokuja, imeandikwa kwamba alikuwa nadhifu, mchangamfu, hakuonekana kuwa na maumivu. Alama 4. Tulihangaika miezi mingi kuirekebisha.

Huku kanuni yao inasema kitu kinahesabika unakiweza kama unakifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kila inapohitajika, na bila kuchukua zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu wa kawaida. Shangazi anaweza kuvaa dera, ndiyo. Dakika arobaini, na akimaliza analala mpaka mchana. Hayo hakuyasema kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na sisi hatukufundishwa kumjibu mgeni hivyo.

Hata salamu yetu yenyewe inatuponza. Mtu anakuuliza hujambo, utajibu nini zaidi ya sijambo? Umeshakanusha ugonjwa kabla hujakaa.

#14 SistaWaWodi

Nimeisoma hiyo mara mbili. Wodini kila asubuhi daktari anapita, "hujambo mama", "sijambo", na mimi nimesimama na chati nyekundu mkononi.

#15 MwanaNguruka

Wakuu, mrejesho. Barua imeenda, muhuri ninao. Mganga mfawidhi wa kituo alikuja nyumbani mwenyewe baada ya kuona daftari, akapima presha akiwa amelala na tulipomkalisha, akaandika ukurasa mzima. Mtendaji kaandika. Ustawi kaja.

Siku nane kabla ya tarehe nimepigiwa simu: tarehe imeahirishwa, daktari mmoja atakuja. Nimemwambia shemeji asitandike shuka jipya. Ameninunia.

#16 MamaKaliua

Alhamdulillah! Ila shemeji yako msamehe. Mgeni aje akute harufu, kijiji kizima kitasema hamtunzi mume wake.

#17 MzeeWaMasijala

Simu si jibu. Waambie waandike.

#18 MwanaNguruka

Mzee, wameandika, nimepokea jana.

Wakuu, daktari amekuja leo. Naandika nikiwa bado nje kwenye mwembe, sijatulia.

Kaka alikataa katakata kuonwa hivihivi. Kavalishwa kanzu, kofia, kaegemezwa mito miwili kwa mshazari ili asizimie. Shemeji kafukiza udi. Nilishalia nao jana yake usiku nikawasomea habari ya shangazi wa Leicester, kaka akasema, "Huyo ni huko Ulaya." Nikanyamaza.

Daktari ni binti mdogo tu. Kaingia, kavua viatu mlangoni, "Shikamoo baba." Kaka akaitika kwa ile sauti ya dereva anayeita utingo upande wa pili wa lori: "Marahaba mwanangu! Hujambo? Za safari? Barabara mmeionaje?" Binti akajibu, akakaa, akafungua faili. "Unaendeleaje baba?"

"Sijambo kabisa. Tunamshukuru Mungu."

Nikaona kalamu inatembea. Wallahi moyo ulipiga teke. Nikakohoa. Kaka hakunitazama. Akaulizwa analala vizuri? Vizuri. Anakula? Anakula. Maumivu? "Ya kawaida ya kiume." Binti anaandika.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni kashika beseni. Hakumwambia kaka neno. Alimwambia daktari: "Mwanangu, saa ya kumgeuza imepita, nilikuwa nakungoja wewe. Nisaidie upande huo." Akaondoa mito, akakunja kanzu, akashika shuka la chini kwa pembe mbili, binti ikabidi aweke faili sakafuni ashike mbili nyingine. Moja, mbili, tatu, wakamgeuza. Mpira wa mkojo ulinasa kwenye ukingo wa kitanda, shemeji akauachanisha kwa kidole cha mguu kama alivyofanya mara elfu, wala hakuangalia. Kisha akafungua bandeji.

Udi haukusaidia kitu hapo.

Binti alinyamaza muda. Akavaa glavu, akatoa rula ya karatasi, akapima kidonda, akapima kina chake. Akaomba daftari. Akalisoma kurasa zote, akapiga picha baadhi. Halafu akavuta kigoda upande ule ambao uso wa kaka ulikuwa umeelekea, akakaa chini kabisa, akamuuliza kwa sauti ndogo: "Baba, mara ya mwisho kuvaa suruali mwenyewe ilikuwa lini?"

Kaka akacheka. "Suruali? Mimi siku hizi navalishwa kama bibi harusi." Akacheka tena, kisha kicheko kikakatika katikati. Akasema, "Andika hivyo, mwanangu."

Baada ya hapo alijibu yote. Usiku. Choo. Kwamba mwezi wa tatu kule kwenye Noah aliomba kimoyomoyo gari lipinduke. Hilo hata shemeji alikuwa halijui.

#19 DagaaWaKibirizi

Aisee.

#20 MkweliMchungu

Mleta uzi, nimesoma. Niliyosema juu nayafuta kwa upande wa kaka yako. Mpe salamu zangu.

#21 AfisaWaKijiji

Mwenye mgonjwa anayesoma hapa aangalie alichofanya shemeji. Hakubishana na mume wake mbele ya mgeni, hakumuaibisha, na hakusubiri aulizwe. Ila msipange maigizo. Kama kugeuzwa ni saa nne, mwalike daktari saa nne, basi. Na anayemhudumia awepo chumbani mwanzo hadi mwisho, awe na ruhusa ya kusema.

#22 MmanyemaWaLeicester

Nimemsomea shangazi yangu namba 18 kwa simu. Amesema, "Huyo mwanamke angekuwepo huku siku ile." Halafu amesema ulize kama kaka anapenda mahamri.

#23 MwanaNguruka

Anapenda. 😀

Wakuu, ni mwezi na siku kadhaa tangu daktari aje. Barua imefika: jopo limepokea taarifa na limekubali bila yeye kwenda. Malipo bado, kwa sababu ya ile miezi mitano. Mfuko umemwandikia mwajiri, nakala ninayo. Msaidizi wa kisheria anafuatilia, mama mmoja mkali sana.

Sasa nina maswali mawili. La kwanza, wakianza kulipa, kuna uhakiki wa kila mara kuonesha mtu yu hai. Itabidi tena asafiri?

#24 HesabuZaMichango

Kila mfuko na utaratibu wake. Wastaafu wa PSSSF siku hizi wanajihakiki kwa simu kupitia PSSSF Kiganjani. Wewe uliza mapema wa kwenu wanafanyaje kwa asiyetoka kitandani, na uliza kwa barua. Mzee wa Masijala amekufundisha.

#25 MzeeWaMasijala

Na muhuri.

#26 MwanaNguruka

La pili: kuna mtu Tabora au Kigoma anauza lile godoro la upepo la kuzuia vidonda, lenye pampu? Hata lililotumika, mradi halivuji. Umeme kwetu unakatika, kwa hiyo nijue pia likizimika linakaa na upepo muda gani.

#27 SistaWaWodi

Kuna familia Urambo, mgonjwa wao alifariki mwezi jana, wanalo na wamesema wangependa lipate mtu. Nakuja PM.